Mtoto Mpole

Mdogo wangu anatembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe ambayo yeye peke yake ndiye anayeyaona. Mguu wa kushoto unatangulia, unasita hewani, unashuka. Wa kulia unakuja nyuma yake kwa kuburuzika, na mikono yote miwili inakuwa juu kidogo, vidole vimekunjwa, kama amebeba bakuli la uji lililojaa pomoni. Naweza kueleza vizuri hivi kwa sababu nilijifunza. Nilikaa wiki nzima nikimwangalia uani kama mtu anayejiandaa na mtihani, nikafanya mazoezi nyuma ya choo, na nilipohitimu nikaupeleka mwendo ule shuleni.

Mwaka mzima wa kidato cha pili nilikuwa maarufu kwa huo. Nikiitwa kufuta ubao naenda nao, darasa linalala chini kwa kicheko. Wasichana wa kidato cha nne, ambao kwa kawaida hawasalimii watu wa chini, walikuwa wananiita dirishani: "We, njoo ufanye ile." Nafanya ile. Siku moja niko kwenye uzio wa shule naifanya, nikasikia watu wanacheka kuliko kawaida. Kugeuka, mdogo wangu yuko nyuma yangu. Alikuwa amenifuata kutoka nyumbani, peku, kaptura imeshuka nusu ya makalio. Alidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Akaja akasimama ubavuni mwangu, tukatembea wote, mimi kwa kuigiza na yeye kwa kweli, na alifurahi mpaka udenda ukamtoka. Mimi nami nilicheka, maana pale shuleni ukiacha kucheka wewe, wanaanza kukucheka wewe.

Ana miaka minane. Kifungo cha shati hawezi kukifunga. Maneno anayo machache, na jina langu analitamka kama mtu anayepuliza chai ya moto. Shule ya msingi imemrudisha mara mbili. Mwalimu wa darasa la kwanza alimwambia Mama, "Mlete mwakani," na mwakani alipofika akaambiwa vilevile. Kuna siku anagonga kichwa ukutani polepole, bila hasira yoyote, kama anabisha hodi.

Nimeanza na yeye ili ieleweke kwa nini mwaka huu Mama alipopata mimba nyingine, nyumbani kwetu hakuna aliyeshangilia.

Sisi si watu wa huku. Mimi nilizaliwa Songwa, upande wa Kishapu, nyumbani kwa bibi mzaa baba, kwenye pamba na ng'ombe. Nilipokuwa na miaka mitano Baba alisikia kuna mahali ng'ambo ya Runzewe dhahabu imetoka, akaja, akapenda, akatuita. Kijiji chetu hiki kilikuwa hema na nailoni, sasa kina saluni tatu na makanisa manne. Baba ni mtu wa duara, yaani shimo la kuchimbia. Anashuka na wenzake, wanapandisha mawe, yanasagwa kwenye karasha, kisha mchanga unapelekwa mwaloni. Mwalo wetu hauna samaki. Ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, madimbwi ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watu wameinama kuanzia asubuhi.

Mama alikuwa mmoja wao. Aliosha mchanga kuliko wanaume wengi, na alikuwa na mdomo, maana mimi huu wangu sikuuokota njiani. Kisha akashika mimba ya mdogo wangu, na mambo yakabadilika siku moja tu, kwa sababu huku watu wanaamini mwanamke mjamzito akisogea karibu na duara au mwalo, dhahabu inahama. Inazama chini, inakwenda kwa jirani. Wenzake Baba walikuja nyumbani kwa adabu zote, wakakaa, wakanywa maji, wakasema shemeji apumzike. Mama alinuna wiki nzima.

Ndipo Baba, kwa upendo wake, akatafuta njia. Kuosha mchanga atafanya yeye kule kule. Lakini ile hatua ya mwisho, ya kukamua na kuchoma, ataileta nyumbani ili Mama asijione ameachwa nje ya kazi. Mwaloni kuna macho mengi, alisema, na nyumbani ni siri. Na tena kazi yenyewe si ya kuinama.

"Hii ni kazi ya kukaa," alimwambia. "Kazi ya malkia."

Malkia alikalia kigoda jikoni. Jiko letu lilikuwa chumba cha udongo chenye bati juu na mlango mmoja, na mlango ule ulifungwa ili jirani asione. Baba alileta zebaki kwenye chupa ya soda, nzito mpaka ukiinyanyua mara ya kwanza unadhani mtu ameishikilia chini. Mama aliichanganya na mchanga uliooshwa, ikanasa dhahabu, akakamua donge kwenye kipande cha khanga, zebaki ya ziada ikachuruzika kwenye bakuli, na donge la rangi ya fedha likabaki kama gololi. Analiweka kwenye bati dogo juu ya mkaa. Mimi nilikuwa na miaka saba kwenda nane, na kazi yangu ilikuwa kupepea. Napepea, mkaa unawaka, donge linafifia fedha yake taratibu mpaka linageuka manjano, na ile fedha yote ilikuwa imekwenda hewani, humo humo ndani, na sisi tumekaa humo tunaisubiri iondoke. Haina harufu. Nilikuwa nawaogopa nyoka, vichaa na sindano. Ile sikuiogopa, maana hata kukohoa haikunikohoza.

Tulipomaliza, Mama alipika ugali juu ya mkaa ule ule. Mkaa haumwagwi bado unawaka.

Niliipenda zebaki kuliko pipi. Matone yaliyoangukia sakafuni niliyakimbiza kwa kidole, unaligusa moja linakuwa kumi, unayasukuma yanarudi kuwa moja. Mama alikuwa akiniambia niache, eti naipoteza. Mwenyewe alilalamika mdomo unamletea ladha ya msumari, na mikono ikawa inamtetemeka akishona. Wanawake wenzake walimwambia ni mimba tu, wao walikuwa wanatamani udongo, yeye bahati yake ni misumari. Wakacheka. Na yeye alicheka.

Mdogo wangu alipozaliwa alikuwa mzuri mpaka nikachukia. Ngozi laini, macho makubwa, na kimya. Halii akiwa na njaa. Halii akilowa. Wanawake walikuja na sabuni na unga wa uji, wakamtazama, wakasema, "Jamani, huyu mtoto mpole. Mama, umepumzishwa." Sifa zote zile zilikuwa zangu zamani, au angalau nilitaka ziwe zangu, kwa hiyo siku moja walipotoka nilimfinya paja. Aliniangalia. Nikamfinya tena, kwa kucha. Akaendelea kuniangalia, kisha midomo ikajikunja, na kilio kikaja kwa kuchelewa, kidogo, kama kimetumwa kutoka mbali. Nilishangaa, nikakimbia kwenda kucheza.

Hakukaa wakati wa kukaa. Hakutambaa. Alisimama akiwa na miaka mitatu. Na hapo ndipo Bibi alipoleta jibu lake kutoka Songwa.

Bibi yangu ananiita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na mimi namwambia mume wetu, yaani Babu, ana meno mabovu kwa sababu ya kutafuna mihogo yake. Tunaelewana. Lakini yeye na Mama hawakuelewana tangu aliposhuka kwenye basi pale Runzewe, akaja kwa bodaboda na kuku wawili, akamshika mdogo wangu, akamgeuza kama anayekagua ndama wa kununua, akasema neno moja.

"Kabemendwa."

Anayelijua neno hilo anajua uzito wake. Asiyelijua: watu husema mtoto mchanga akidhoofu au asipokua, basi mama yake alitoka nje ya ndoa na kurudi kumnyonyesha. Yaani Bibi hakuwa akisema mtoto mgonjwa. Alikuwa akisema mtoto ni ushahidi. Kila hatua aliyoshindwa kupiga mdogo wangu, ilihesabiwa kuwa ni ya Mama, usiku fulani, kwa mwanaume fulani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mama alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, kisha akanyamaza. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Aliendelea kula. Miaka ikaenda hivyo, na ule mdomo wa Mama niliourithi mimi, yeye akabaki hana.

Mwaka huu basi. Mimba ina miezi mitano. Wenzake Baba wamekuja tena kwa adabu zao, wamekunywa maji yao. Bibi naye amekuja, safari hii na begi kubwa, kukaa mpaka mtoto azaliwe na zaidi. Alisema amekuja kusaidia. Alichofanya ni kuweka kigoda chake mlangoni, na kila Mama akienda dukani Bibi anakumbuka kuwa na yeye ana haja ya chumvi. Na Baba alisharudisha chupa ya soda nyumbani tangu mwanzo wa mimba.

Mwalimu wetu wa kemia ni kijana, mgeni wa huku, bado anavaa viatu vya kung'aa kwenye vumbi letu. Siku moja alifika kwenye metali, akasema kuna metali moja ambayo ni kimiminika katika joto la kawaida, akauliza kuna aliyewahi kuiona. Darasa zima likacheka. Kwetu hilo ni sawa na kuuliza nani amewahi kuona mbuzi.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nilishaitia mfukoni. Mfuko ukashindwa, ikatoka na kwenda zake."

Wakacheka. Yeye akatabasamu, akauliza, "Kwenu mnachomea wapi?"

"Jikoni, mwalimu. Tunaanza na dhahabu, tunamalizia na maharage."

Wakacheka zaidi. Yeye hakutabasamu safari hii. Aliweka chaki mezani, akaeleza polepole, bila kutazama kitabu. Kwamba ikipata moto inakuwa mvuke, na mvuke ule mtu hauoni wala hausikii harufu. Unaingia kwa pumzi, unakwenda kwenye damu. Na kwa mwanamke mjamzito hauishii kwake. Unapita kwenye kondo la nyuma unaingia kwa mtoto, na ubongo wa mtoto wakati huo ndio kwanza unajengwa, kwa hiyo unaharibu kitu ambacho hakijakamilika. Mama anaweza kupona asijue kitu. Mtoto ndiye anayezaliwa nacho. Anachelewa kukaa, kutembea, kusema. Mikono inatetemeka. Anashindwa kutulia, au anatulia kupita kiasi.

Nikasema, "Basi mwalimu, kijiji kizima tumeshakuwa vipimajoto."

Wachache walicheka. Mwalimu akauliza tena, "Nani kwao wanachoma nyumbani?" Mikono ilinyooka haraka haraka, kwa kelele, wengine mikono miwili. Akasubiri. Kisha akauliza, "Na nani ana mdogo wake ambaye alichelewa kutembea, au kusema, na watu hawajui kwa nini?"

Hapo mikono haikuwa na haraka. Mmoja kule nyuma. Mmoja karibu na dirisha. Kisha dada mkuu, ambaye sikuwahi kumsikia akitaja kwamba ana mdogo. Kila mkono uliponyooka, watu waligeuka kuangalia. Mimi wangu ulikuwa chini ya dawati, nimeukalia. Darasa zima lilikuwa linajua mwendo wa mdogo wangu. Wengine walikuwa wanaujua kiasi cha kuweza kuufanya, niliwafundisha mwenyewe.

Mwalimu alisema, "Sisemi kila mtoto ni sababu hiyo. Kuna sababu nyingi, na bila vipimo huwezi kumwonyesha mtoto mmoja ukasema huyu ni zebaki. Ninachosema, mjamzito asikae karibu nayo. Kabisa." Kengele ikalia. Kule nje msichana mmoja wa kidato cha nne aliniita, "Njoo ufanye ile." Nilimwambia mguu unaniuma.

Nilifika nyumbani saa kumi jioni. Mlango wa jikoni umefungwa. Bibi yuko kwenye kigoda chake nje, anachambua mchele, mdogo wangu yuko miguuni pake anazungusha kifuniko cha sufuria. Ndani nilisikia mkaa ukipasuka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo wamekurudisha mapema?"

"Bibi, mwalimu kasema zebaki inampika ubongo mtoto akiwa tumboni."

Aliendelea kuchambua. "Na wako ulipikwa na nini?"

Jikoni Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi nikacheka pia. Nikaongeza na nyingine, kwamba wangu uliungua kwa sababu mpishi alikuwa Songwa anapalilia pamba. Tukacheka wote watatu, mlango ukiwa umefungwa. Ilinichukua mpaka nimevua sare ndipo nikatambua kwamba nilikuja kumwambia mtu habari ya maisha yake, nikaishia kumchekesha huku anaendelea kupepea.

Hilo ndilo tatizo langu. Nimetumia miaka mingi kuhakikisha hakuna anayenichukulia kwa uzito, na nilifaulu vizuri.

Kesho yake nikafanya kile ambacho mtu kama mimi hufanya badala ya kusema. Niliiba chupa. Ilikuwa chini ya kitanda cha wazazi ndani ya kopo la maziwa, nikaichukua wakati Mama yuko kisimani, nikaichimbia kwenye rundo la matofali nyuma ya nyumba. Mpango wangu uliishia hapo. Niliona kama chupa haipo basi kazi haipo, na kama kazi haipo mtoto yuko salama, na mimi sitahitaji kufungua mdomo.

Siku ya tatu mchana Baba alitoka mwaloni na mchanga wake uliooshwa kwenye kitambaa. Akaingia chumbani. Nilimsikia akisogeza kitanda. Akatoka na kopo tupu, akalishika mbele ya Mama uani.

"Iko wapi?"

"Ilikuwa humo."

"Najua ilikuwa humo."

Bibi alikuwa ameacha mchele wake. "Hata zebaki sasa ina bwana," alisema, kwa sauti ya chini, kama anaongea na kuku.

Mama alisimama, mkono mmoja juu ya tumbo. Baba alimtazama mama yake, akamtazama Mama. Miaka yote mitano ya neno lile la Bibi, Baba hakuwahi kuuliza. Siku ile aliuliza.

"Umempa nani?"

 Nilimwona Mama anatazama chini, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeonewa. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kuonewa, ambaye ukimwambia aseme ndiyo ili yaishe, atasema ndiyo.

"Nimeichukua mimi," nikasema.

"Usimkingie mama yako kwa utani," Baba alisema bila kugeuka.

"Sio utani, Baba."

"Huyu hata siku ya kuzikwa kwake atanyanyuka achekeshe," alisema Bibi.

Nikaenda kwenye matofali, nikaichimbua, nikaja nikaiweka chini katikati yao. Kisha nikasema. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, nikianzia mwisho. Mdomo wangu haukuzoea kupita njia hiyo. Nilisema mvuke, nikasema kondo, nikasema ubongo ambao haujakamilika. Nilisema mikono iliyonyooka darasani. Hakuna aliyenikatiza, na mimi niliposikia hakuna anayecheka nikaogopa zaidi.

Bibi ndiye aliyeanza. "Huyo mwalimu wako ana mtoto?"

"Hana."

"Haya."

Lakini Mama alikuwa ameninyanyulia macho. "Mlango ukiwa wazi je?"

"Unapungua. Lakini mjamzito hatakiwi kuwa karibu hata kidogo."

"Na ukiwa umefungwa?"

 Wote tuliutazama mlango wa jikoni, mbao zake nyeusi kwa moshi, kitasa cha waya.

Mama akaelekeza kidevu kwa mdogo wangu, aliyekuwa chini anazungusha kifuniko chake, kinazunguka, kinalala, anakinyanyua tena. "Na huyu?"

"Mwalimu kasema bila vipimo hakuna anayeweza kumwonyesha mtoto mmoja akasema..."

"Sijamuuliza mwalimu."

Nilitafuta utani. Nilitafuta kweli, kila mahali, hata mdogo kabisa. "Nadhani ndiyo, Mama."

Hakulia. Aligeuka taratibu, akamtazama Bibi. "Mama," akasema, "miaka mitano."  Bibi alirekebisha khanga yake begani, akairekebisha tena ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Mimi nitajuaje mambo ya madawa," alisema. Ndiyo yote aliyosema siku ile, na mpaka leo hajaongeza.

Baba aliokota chupa. Aliishika kwa mikono miwili kama siku ile alipoileta mara ya kwanza. "Nilisema ni kazi ya kukaa," alisema, sijui alikuwa akimwambia nani. Kisha akaondoka nayo kuelekea mwaloni, na hatujaiona tena nyumbani.

Jioni ile Mama alipika nje kwenye mafiga matatu. Mlango wa jikoni akaufunga kwa waya mpaka leo. Alichemsha maji, akamwogesha mdogo wangu kwa sabuni ya kufulia, akamsugua mgongo, kichwa, nyuma ya masikio, akamsugua tena, mpaka mtoto akaanza kulalamika na ngozi ikawa nyekundu, na Baba akaja kumshika mkono. "Imetosha," alimwambia. Mama akamwaga maji yale mbali sana na nyumba.

Siku kadhaa hakuzungumza na mimi. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemvua jina la uzinzi nikamvisha jingine, na hili la pili hakuweza hata kulikana. Kisha siku moja tunamenya karanga, akasema bila kunitazama, "Ungeniambia kabla hajazaliwa huyu."

"Nilikuwa na miaka saba, Mama."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekuwa napepea."

"Najua, ng'wanone." Hilo neno la kwao, mwanangu, hulitoa mara chache. Tukaendelea kumenya.

Kule zahanati Mama alimweleza nesi habari ya zebaki. Nesi aliandika kwenye kadi, akasema kipimo hicho hapo hawana, labda hospitali kubwa, akamwambia ale vizuri, akae mbali nayo, asikose kliniki. Akauliza amekaa nayo miezi mingapi ya mimba hii. Mama akasema mitano. Nesi akaandika tano. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, nikaisoma ile tano juu chini, na nikawa naisoma mpaka tunafika nyumbani. Baba sasa anachomea kule kule kwenye upepo, na akirudi nimemlazimisha avue nguo za kazi nyuma ya choo kabla hajaingia. Namwambia anavua kama bi harusi mwenye aibu. Anacheka. Hiyo mizaha bado inafanya kazi.

Mtoto amezaliwa wiki tatu zilizopita. Msichana. Nesi alisema alipotoka alilia, na mimi nilimwuliza mara nne, alilia vipi, kwa nguvu au kidogo, mpaka akaniuliza kama nataka ajaribu kumrudisha ili nisikilize mwenyewe. Alikuwa mtu wangu yule nesi.

Jana wanawake wa jirani walikuja na sabuni zao na unga wao. Mtoto alikuwa kwenye khanga, macho wazi, anatazama bati. Mmoja akamchukua, akampitisha kwa mwingine, akafika kwa wa tatu, hajatoa hata sauti. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ya kubeba bakuli, anatabasamu. Bibi alikuwa kwenye kigoda.

"Jamani," alisema yule wa tatu, "huyu naye mtoto mpole."

Mama alikuwa anawamiminia chai. Chai ikajaa kikombe, ikapita, ikamwagikia sinia, na yeye bado anamimina. Bibi akanyanyuka haraka, kwa umri wake, akampokea birika.

Walipoondoka Mama alikwenda kuwasindikiza mpaka barabarani. Nilibaki na mtoto peke yangu kitandani. Alinitazama kwa yale macho makubwa ambayo niliwahi kuyaona. Nikafunua khanga, nikashika paja, nikamfinya. Si kwa wivu safari hii. Nilimfinya kama unavyogonga mlango wa mtu uliyesikia anaumwa.

Hakulia. Nikasubiri. Nikasikia kuku nje, nikasikia kifuniko cha mdogo wangu kikizunguka sakafuni na kulala. Ndipo midomo ikajikunja, na kilio kikatoka, chembamba, kikapanda kidogo, kikakatika.

Nilipogeuka Mama alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka sikio lake karibu na mtoto kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zilizochoka.

"Mfinye tena," alisema.